Walio Mbali na Kitanda cha Mgonjwa

SABATO MCHANA

Soma kwa Lesoni ya Juma Hili: Hesabu 12:10–15, Mambo ya Walawi 14:1–3, Mithali 31:4–7, Marko 15:23, 2 Timotheo 4:6–21, Yohana 4:46–53, Kumbukumbu la Torati 34:1–8, Mhubiri 9:5, 6.

Fungu la Kukariri: Zaburi 41:3. Lisomeni kwa sauti kutoka katika Biblia zenu, kisha kila mmoja alirudie akimkumbuka mgonjwa mmoja kwa jina.

Machi 25, 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini Uganda, usafiri wa umma ulisimamishwa. Siku tano baadaye magari ya binafsi nayo yalizuiwa, na kafyu ikawa inaanza saa moja jioni. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo, si watu. Aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitalini kwa gari alipaswa kwanza kupata kibali cha mwakilishi wa rais katika wilaya yake.

Tumfikirie mama mmoja kijijini siku hizo. Ana saratani ya mlango wa kizazi ambayo imekwisha kuenea. Hakuna tena upasuaji wala mionzi itakayomponya. Kinachomwezesha kulala usiku ni chupa ya mofini ya maji, na chupa hiyo itaisha Alhamisi. Muuguzi aliyezoea kumtembelea yuko kilomita 40 kutoka hapo. Binti yake yuko Kampala. Mchungaji na wazee wa kanisa wamekatazwa kukusanya watu. Mama huyu hana korona, lakini janga limemfikia kitandani.

Huduma aliyokuwa akipewa huitwa tiba shufaa: kumpunguzia maumivu na dhiki mtu mwenye ugonjwa mzito, pamoja na kuitunza familia yake, iwe atapona au hatapona. Pale inapotolewa kwa wanaokaribia mwisho wa maisha, nyumba au shirika linaloitoa huitwa hospisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 56.8 huihitaji kila mwaka, na ni asilimia 14 tu wanaoipata. Basi hata kabla ya korona wengi walikuwa wakifa kwa maumivu yanayoweza kutulizwa. Juma hili tutauliza Maandiko yanasema nini juu ya wagonjwa ambao hatuwezi kuwafikia, na pia juu yetu sisi tulioshindwa kufika.

JUMAPILI
Nje ya Kambi

Soma Hesabu 12:10–15 na Mambo ya Walawi 13:45, 46; 14:1–3. Nani alitengwa? Waliobaki kambini walifanya nini?

Kumtenga mgonjwa hakukuanza mwaka 2020. Mwisraeli mwenye ukoma alikaa peke yake nje ya kambi, na aliyetoa agizo hilo ni Mungu yuleyule aliyewapenda. Kwa hiyo tusiwe wepesi kuwalaumu madaktari waliofunga milango ya wodi. Mgeni mmoja aliyeingia kuamkia mgonjwa angeweza kutoka na ugonjwa na kuupeleka kwa nyumba nzima. Na mgonjwa wa saratani, ambaye kinga ya mwili wake imekwisha kudhoofika, ndiye angeumia zaidi kama angeletewa virusi na mtu aliyekuja kumfariji.

Lakini tazama kilichotokea Miriamu alipofungiwa nje siku saba. Watu hawakusafiri. Taifa zima, pamoja na watoto na mifugo, lilisimama jangwani likimngoja mwanamke mmoja, naye hakuwa mtu asiye na kosa. Kila asubuhi mtoto angeuliza kwa nini hatuondoki, na angetajiwa jina la Miriamu. Tena katika Walawi 14, mwenye ukoma hakuachwa ajitafutie njia ya kurudi. Kuhani ndiye aliyetoka nje ya kambi kwenda kumtazama.

Walioko ndani walijua nani yuko nje. Hilo ndilo lililokosekana mahali pengi wakati wa janga. Ibada ziliposimamishwa, makanisa mengi yalihesabu sadaka zilizopungua mapema zaidi kuliko yalivyohesabu wagonjwa walioko kitandani.

Ibada zilipofungwa katika eneo lenu, nani alikuwa na orodha ya washiriki wasioweza kutoka nyumbani? Kama haikuwapo, sasa ipo?

JUMATATU
Chupa Itakayoisha Alhamisi

Soma Mithali 31:4–7. Mama yake mfalme Lemueli anamfundisha nini juu ya mtu anayekaribia kufa?

Hatulisomi fungu hili ili kuufungua mlango wa pombe. Mama huyu mwenyewe ameufunga katika fungu la 4 na la 5. Anachomwambia mwanawe ni kwamba kileo si cha mtawala anayepaswa kuwa na akili timamu. Kama kina kazi, basi ni kumtuliza anayeangamia, na katika siku zake hapakuwa na dawa nyingine ya kufanya kazi hiyo. Leo ipo. Aliye na uwezo wa kutuliza maumivu ya mtu anayekufa, asimnyime.

Hata hivyo katika makanisa yetu bado kuna wanaosema kwamba kumpa mgonjwa mofini ni kupungukiwa imani, au ni kumuua polepole. Wengine huleta Marko 15:23, pale Kristo alipokataa divai iliyochanganywa na manemane. Lakini Yeye alikuwa akibeba kitu ambacho hakuna mgonjwa wa kwetu aliyetumwa kukibeba. Alikataa kwa ajili yake mwenyewe. Hatusomi kwamba aliwakataza wanyang'anyi wawili waliokuwa kando yake. Na Msamaria aliyemsifu katika Luka 10:34 hakumhubiria majeruhi juu ya faida za mateso. Alimimina mafuta na divai katika majeraha.

Inafaa darasa lijue dawa hii inavyofanya kazi, kwa maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, daktari Mwingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Yeye na wenzake walichanganya unga wa mofini na maji, wakapata dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa nyumbani mwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa vijijini madaktari ni wachache. Mofini hiyo hunywewa kila baada ya saa 4, bila kusubiri maumivu yarudi. Siku za kwanza mgonjwa anaweza kusinzia sana. Hufunga choo, ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikipimwa vema kulingana na maumivu haimharakishi mtu kufa. Kwa kipimo kidogo hupunguza pia ile hofu ya kukosa pumzi, nayo ilikuwa mateso makubwa ya wengi waliokufa kwa korona.

Basi rudi kwa yule mama. Kila baada ya saa 4. Barabara ikifungwa siku tatu, ni vipimo vingapi hivyo?

Wahudumu wa tiba shufaa walikuwa katika njia panda. Wakimpa mgonjwa dawa ya wiki nyingi kwa mkupuo, huenda ikaibwa au ikapimwa vibaya na mjukuu asiyejua kusoma. Wakimpa kidogo, itaisha kafyu ikiendelea. Wakimtembelea bila barakoa na glavu, wataweza kumletea virusi. Na katika nchi nyingi vifaa vya kujikinga vilipelekwa kwanza hospitali kubwa, hospisi zikangoja. Mofini na dawa za kutuliza zilihitajika pia kwa wagonjwa waliowekwa kwenye mashine za kupumulia. Wengi waligeukia simu: kumwuliza mtoto wa mgonjwa maumivu yako wapi, mama amekunywa mara ngapi, choo kimepatikana lini, kisha kumwelekeza aongeze au apunguze.

Nani kanisani alikuwa na gari lenye kibali cha kusambaza chakula? Nani alimfahamu mwenye bodaboda mwaminifu, aliyeruhusiwa kubeba mzigo ingawa hakuruhusiwa kubeba muuguzi? Mzee wa kanisa angeweza kuandika barua wilayani kumwombea muuguzi kibali. Dorkasi walikuwa na mitungi, sabuni na watu wa kuaminika. Naandika haya kwa sababu tulipoulizwa kanisa lifanye nini, jibu la haraka lilikuwa tuombe. Tuliomba, na ilikuwa sawa kuomba. Lakini Yakobo 2:15, 16 imekwisha kusema ni nini kinachotokea kwa maneno mema yanayomwacha mtu na baridi yake.

Je, umewahi kumshauri mtu aache dawa ya maumivu kwa ajili ya imani? Ungemwambia nini leo?

JUMANNE
Luka Peke Yake

Soma 2 Timotheo 4:6–21. Andika kando vitu vyote ambavyo Paulo anaomba.

Huyu ni mtu anayejua kwamba anakufa. Fungu la 6 mpaka la 8 husomwa sana kwenye mazishi yetu, halafu tunafunga Biblia. Tungeendelea kusoma tungekuta kwamba mtu huyuhuyu aliyepigana vita vizuri anasikia baridi. Anataka joho lake alilomwachia Karpo kule Troa. Anataka vitabu. Anataja walioondoka, kila mmoja na sababu yake, na maumivu ya fungu la 10 bado yanasikika. Mara mbili anamsihi Timotheo afanye haraka, tena afike kabla majira ya baridi hayajaingia, maana baharini njia hufungwa.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na ambaye alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili pekee. Yamo pia ya moyo, ya uhusiano na watu, na ya roho, na yote huja kama maumivu mamoja. Paulo angemwelewa bila kuelezwa.

Ni nani aliyebaki naye? Fungu la 11 linasema ni Luka tu. Na Wakolosai 4:14 inatukumbusha kazi ya Luka: alikuwa tabibu. Ndugu walikuwa mbali. Kwenye baridi ya kifungo alikuwapo mtu wa afya.

Katika mwaka 2020 na 2021 maelfu ya watu duniani waliaga dunia hivyo. Mtu wa mwisho kumwona alikuwa muuguzi aliyejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Mgonjwa aliona macho tu. Mzee asiyesikia vizuri, aliyezoea kufuata midomo ya msemaji, hakupata hata hilo. Wakati wa Ebola nchini Liberia, na tena wakati wa korona, baadhi ya wahudumu walibandika picha ya uso wao kifuani juu ya vazi la kujikinga, ili mgonjwa ajue ni mtu gani anayemhudumia. Wengi wao walishika simu sikioni mwa mgonjwa ili binti amwage mama yake, wakasikia maneno ambayo hayakuwa yao kusikia, kisha wakaenda kitanda kinachofuata.

Hawa wamo katika makanisa yetu. Walirudi zamu wakaketi benchi la nyuma, tukawaogopa kwa sababu ya virusi. Na hatari ilipopita hatukuwauliza neno. Epafrodito alikaribia kufa kwa ajili ya kumhudumia Paulo, na mtume akaliagiza kanisa limpokee kwa furaha na kumheshimu (Wafilipi 2:25–30).

Je, Timotheo alifika kabla ya baridi? Biblia haisemi. Kaeni na swali hilo kwa muda darasani kabla ya kuendelea.

JUMATANO
Neno Lililotoka Kana

Soma Yohana 4:46–53, kisha linganisha na Mathayo 8:1–3.

Yesu aliponya kwa mbali pale diwani alipomsihi ashuke Kapernaumu, na aliponya kwa kugusa pale mwenye ukoma alipomjia. Aliweza yote mawili. Sisi tulizoea kugusa: kumpaka mgonjwa mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, kushika mkono, kuketi kitandani. Tulipozuiwa tukadhani huduma imekwisha, au tukaifanya kwa simu mbiombio.

Nakiri langu. Nairobi ilipofungwa Aprili 6, 2020, mama mmoja wa kanisa letu alikuwa amerudishwa kijijini Nyanza, saratani ya tumbo ikiwa imemmaliza. Kila Ijumaa nilipiga simu kwa wagonjwa wangu wote, mmoja baada ya mwingine, nikiwasomea zaburi na kuomba. Ijumaa moja baada ya amina alisema, “Mzee, usikate kwanza.” Nikamjibu, “Mama, bado nina wengine. Nitakupigia kesho jioni, Mungu akipenda.” Kesho yake jioni simu ilipokelewa na mwanawe. Alitaka kuniambia nini, sitajua kabla ya ufufuo.

Tangu hapo nimejifunza mambo machache kutoka kwa wauguzi, nayo ni rahisi. Uliza kwanza ni saa ngapi mgonjwa hunywa dawa, upige ikishaanza kumtuliza. Mwombe aliye naye aweke simu mtoni karibu na sikio. Usijaze ukimya kwa maneno. Mgonjwa asiyeweza kujibu huenda bado anasikia, hivyo sema naye, si juu yake. Na acha yeye ndiye akate.

ALHAMISI
Kaburi Lisilojulikana

Soma Kumbukumbu la Torati 34:1–8 na ulinganishe na Mwanzo 49:33–50:14. Ni kifo kipi ungekichagua?

Wengi wetu tungechagua cha Yakobo. Wana kumi na wawili wamekizunguka kitanda, kila mmoja amepata neno lake, miguu imekusanywa kitandani, na baadaye msafara mkubwa unaupeleka mwili kwenye pango la baba zake. Hicho ndicho tunachokiita kufa vizuri, nacho ndicho janga lilichowanyima watu. Waombolezaji walihesabiwa. Jeneza lilishushwa na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, familia ikitazama kwa mbali. Mwili haukuoshwa na dada wala shangazi.

Musa alipanda mlimani bila mke, bila wana, bila Yoshua. Haruni alipokufa kwenye mlima Hori alikuwa na ndugu na mwana kando yake (Hesabu 20:23–29). Musa hakuwa na mtu. Hakuna aliyemfumba macho, na hadi Kumbukumbu la Torati linapoandikwa hakuna aliyelijua kaburi lake. Je, alikufa vibaya? Andiko linasema Bwana mwenyewe ndiye aliyemzika. Na katika Mathayo 17:3 tunamwona amesimama pamoja na Kristo juu ya mlima mwingine, ndani ya nchi aliyokuwa ameitazama kwa mbali.

Sisemi hili ili kufanya kifo cha upweke kionekane kizuri. Binti aliyemzika baba yake kwa kutazama simu ana haki ya kulia, na ole wake mzee wa kanisa atakayemwambia amshukuru Mungu kwa yote kabla machozi hayajakauka. Israeli waliomboleza siku 30 katika tambarare za Moabu. Hawakuwa na mwili, hawakuwa na kaburi, lakini siku zao za kilio hazikupunguzwa hata moja. Familia nyingi za 2020 hazikupata siku hizo. Zilizika asubuhi, watu wakatawanyika, na hakuna aliyerudi. Kanisa bado linaweza kuzirudia, hata miaka ikiwa imepita: kwenda nyumbani, kuketi, kulitaja jina la marehemu, kuimba nyimbo ambazo hazikuimbwa.

Liko pia jambo ambalo halisemwi kwa sauti. Baadhi ya ndugu zetu wanaogopa kwamba marehemu amekasirika kwa kuwa hakuoshwa wala kuagwa inavyopasa, na kila msiba unaofuata nyumbani wanauona ni madai yake. Hapa fundisho letu juu ya hali ya wafu huwa dawa hasa. Soma Mhubiri 9:5, 6 na Yohana 11:11–14. Baba amelala. Hajui kwamba hukufika, hana kinyongo, wala hakungoji mlangoni. Sauti itakayomwamsha si ya mtu aliyeudhika.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena Zaburi 41:1–3 yote, ukiangalia kwamba zaburi haianzi na mgonjwa bali na mtu anayemkumbuka mnyonge. Soma pia Mathayo 25:36 na 2 Timotheo 1:16–18, juu ya Onesiforo aliyemtafuta Paulo Rumi kwa bidii mpaka akampata.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwalikeni darasani muuguzi au afisa tabibu aliyehudumu wakati wa korona, awaeleze kile anachotaka kueleza. Msimkatize, wala msimwombee kabla hajamaliza.

2. Ni wapi katika wilaya yenu mgonjwa wa saratani hupata dawa ya maumivu? Kama hakuna darasani anayejua, mmoja wenu aulize juma hili na alete jibu Sabato ijayo.

3. Mshiriki anasema, “Nilikataa kwenda kumwona mama kwa kuogopa kumwambukiza, sasa amekufa na nafsi yangu hainipi amani.” Mwingine anasema, “Mimi nilikwenda kwa siri, na baada ya wiki mbili baba akaugua.” Mtamjibu nini kila mmoja, mkikumbuka kwamba wote wawili walimpenda mzazi?

4. Tuseme Timotheo alipoipata barua alikuta njia zote za kwenda Rumi zimefungwa. Joho liko Troa kwa Karpo. Angeweza kumwagiza nani, na kwa njia gani?